Dada kanipa iPhone yake, upatu umenipa Samsung: nishike ipi?

Bi Fundi, assalaam alaykum. Shikamoo.

Mimi ni mpambaji wa hina na piko hapa Wete, nina miaka 31 na watoto wawili. Kazi nimeirithi kwa marehemu bibi. Yeye alikuwa akipaka kwa kijiti na mie natumia koni, lakini nyumba zinazoniita ni zile zile. Zamani mtu akitaka mpambaji alimtuma mtoto aje kunigongea. Siku hizi anatuma ujumbe WhatsApp: "Nitumie kazi zako nizione." Kwa hiyo simu kwangu ndiyo duka, na duka lenyewe sasa linavuja.

Nina Tecno ya mwaka 2019, GB 32, imejaa mpaka shingoni. Kila nikitaka kupiga picha inanambia nafasi imekwisha, nafuta picha za wanangu nipate kuweka za maharusi. Kioo kimepasuka pembeni na kamera imeingia ukungu. Mkono nilioupamba saa nne unatoka kama umepigwa picha ndani ya mvuke wa ubwabwa.

Njia ninazo mbili. Dada yangu yuko Muscat, kanunua simu mpya, na ile yake ya zamani, iPhone XR ya GB 64, anataka kunipa. Kuna mtu wetu anakuja Shaaban hii atamkabidhi. Kanambia: "Usifute kitu, nimekuachia kila kilichomo, na akaunti yangu ya Apple iache hivyo hivyo, programu nilizonunua utazitumia bure." Betri, anasema, ni asilimia 79.

Njia ya pili ni upatu. Mwezi huu ni zamu yangu, laki tano na nusu. Mume wangu anafanya kazi Unguja, kaniulizia duka moja la Mlandege, Samsung A16 mpya kwa laki nne na nusu. Yeye maneno yake ni mafupi: mpya ni mpya. Mdogo wangu wa kiume, yuko chuo, anasema mtu aliyepewa iPhone ya bure akaenda kununua Samsung huyo karogwa.

Na wateja nao wana lao. Mwezi uliopita mama mmoja wa Chake alinipigia kuhusu harusi ya binti yake. Swali lake la kwanza halikuwa bei wala nakshi, lilikuwa "una aifoni?" Nikamwambia sina. Akasema atanipigia. Mpaka leo.

Lakini linaloninyima usingizi ni jengine. Mwaka jana, Mfunguo Pili, nilimpamba mwali mmoja, nikampiga picha akiwa amekaa mkekani, uso wazi, nywele wazi. Nilimtumia mwenyewe tu. Baada ya wiki mbili picha ile ikaonekana kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, lenye wanaume na wanawake. Niliijua kuwa ni yangu kwa ule mkeka. Mama yake alikuja nyumbani. Hakusema neno baya, alikaa tu barazani akalia. Wiki ile ile nilikuwa nimepeleka simu kwa fundi mmoja, akaniomba namba ya kufungulia, nikampa. Sasa watu wananambia iPhone haiingiliki, kwamba ningekuwa na iPhone picha isingetoka. Ni kweli? Kama ni kweli nitaichukua hata betri iwe asilimia kumi.

Mengine huenda yakakusaidia: natumia laini mbili, moja ya bando na wateja, moja ya pesa. Nikitoka navaa nikabu. Waya wa chaji nyumbani ni mmoja, tunaugombania sote. Na akaunti ya Gmail alinifungulia kijana wa dukani siku niliyonunua simu. Neno la siri alilitunga yeye, akaliandika juu ya boksi, na boksi sijui liko wapi. Baada ya Idi nina kazi tano.

Mpambaji, Wete


Waalaykumu salaam warahmatullah. Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma kwanza kifundi, nikawa nahesabu GB na asilimia za betri. Nikairudia tena, mara hii nikakwama pale barazani, kwa mama aliyekaa akalia. Nitaanzia hapo, maana ukinunua simu kabla ya kulijua lile lilitokeaje, litakufuata kwenye simu yoyote utakayoishika.

Watu wanaokwambia iPhone isingetoa picha ile wanakudanganya, ingawa hawakusudii. Hakuna mtu aliyevunja mlango wa simu yako. Mlango ulikuwa wazi, na funguo zilikuwa kwa watu wawili usiowajua vizuri. Mmoja ni fundi uliyempa namba. Wa pili humhisabu kabisa, nawe umemtaja mwishoni kama jambo la kupitia tu: yule kijana aliyekufungulia Gmail. Simu za Android, Tecno yako ikiwemo, huwa na programu ya Picha ya Google, na ikiwa imewashwa kuhifadhi nakala, kila picha unayopiga hupanda kwenye akaunti ile kila simu inapopata intaneti. Mwenye neno la siri anaweza kuzifungua akiwa amelala kitandani kwake, na wewe simu yako iko mkobani. Sisemi kijana huyo kafanya. Wala fundi sisemi kafanya, na picha ilikwenda pia kwa mwali mwenyewe, naye ana mashoga. Usimtaje mtu kwa jina barazani kwa jambo usilo na ushahidi nalo. Ninachosema ni kuwa simu ulinunua wewe, akaunti si yako. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na wewe umewasitiri wali wa watu kwa nguo ya kuazima miaka yote hii.

Sasa rudi kwenye maneno ya dada yako: "Akaunti yangu iache hivyo hivyo." Umeliona? Ni jambo lile lile, safari hii kwa mapenzi. Ukiitumia XR ikiwa na akaunti yake, na kwake picha za iCloud, yaani ghala la Apple la mtandaoni, zimewashwa, basi mwali utakayempiga Wete usiku ataonekana kwenye simu mpya ya dada yako Muscat, na kama nyumbani kwao kuna aipadi wanayochezea watoto au shemeji yako, na huko ataonekana. Yeye akisafisha simu yake akafuta picha asizozijua, na kwako zitafutika. Kisha kuna kufuli. Tangu 2013 Apple waliweka mpango kwamba simu ikifutwa bila akaunti kutolewa, haifunguki mpaka neno la siri la mwenyewe. Dada akilisahau, au siku moja akabonyeza kitu kwa makosa, iPhone yako inakuwa kibao cha kukatia vitunguu. Nimeletewa dukani za namna hiyo, zimetoka kwa ndugu wa damu kabisa, na hakuna fundi mkweli atakayekufungulia.

Jengine dogo: mazungumzo yako ya WhatsApp. Maagizo ya wateja, bei, vipimo vya mikono ya watu, vyote vimo humo. Nakala ya WhatsApp ya Android hukaa kwa Google na ya iPhone hukaa kwa Apple, na moja haisomi ya mwenzake. Tangu 2022 kuna njia rasmi ya kuyahamisha kutoka Android kwenda iPhone, lakini hufanyika wakati iPhone inaanzishwa upya, imefutwa, haina kitu. Simu uliyoambiwa "usifute kitu" haiwezi.

Hebu sasa tuitazame hiyo sifa ya kutoingilika, maana haikutoka hewani. iPhone ilioneshwa kwa mara ya kwanza Januari 2007, na tangu siku hiyo kampuni moja hutengeneza simu na mfumo wake. Likitoka rekebisho la usalama, iPhone zote zinazoliweza hulipata wakati mmoja. Android Google waliinunua 2005 ikiwa kampuni changa, wakaiachia watengenezaji waitumie, ndiyo maana leo Samsung, Tecno, Infinix na itel wote wamo chumba kimoja na kila mmoja ana tabia zake. Rekebisho likitoka, mtengenezaji wako ndiye anayeamua lini likufikie, na kwa simu za bei ya chini mara nyingi husahau. Na Android hukubali programu za kuokota nje ya duka lake. Hapo nikuulize, na unijibu kimoyomoyo: hiyo WhatsApp yako ni ile ya kawaida, au ni ile ya GB watu wanayorushiana, inayoonesha ujumbe uliofutwa? Ikiwa ni ya GB, itoe leo. Haikutengenezwa na wenye WhatsApp, na hakuna wa kukuhakikishia picha zinazopita humo zinapita mikononi mwa nani.

Kwa hiyo ukiniuliza mfumo gani una ulinzi mzuri ukiwa dukani, bado haujaguswa, nitakwambia iPhone kwa kidogo. Lakini wewe huulizwi kuchagua mifumo. Unaulizwa kuchagua kati ya XR hii na A16 hii, na hapo hesabu inageuka.

XR ilitoka 2018. Toleo jipya la mfumo wa iPhone lililotoka Septemba 2025 halikuipokea, liliishia iPhone 11. Simu haifi kwa hilo. WhatsApp itaendelea, viraka vya usalama vitakuja bado kwa muda, lakini imeshaingia kwenye foleni ya kutoka. A16 ilitoka 2024 na Samsung waliahidi kuihudumia miaka sita. Piga mwenyewe, unafika 2030. Kwa mtu anayebeba nyuso za watoto wa watu hiyo ndiyo tofauti ninayoitazama kabla ya kamera. Mimi nimeanza ufundi wakati Nokia 1100 ya tochi ndiyo mfalme. Nimewaona watu wakilia na BlackBerry zao, na mwenyewe BlackBerry akazifungia huduma zile simu zake za zamani Januari 2022. Tangu hapo simu nikiipokea, naiuliza kwanza imebakiwa na miaka mingapi.

Betri ya asilimia 79 nayo si ndogo. Ikishuka chini ya 80, iPhone yenyewe huanza kukushauri uibadilishe, na mwisho wa 2017 Apple walikiri kuwa iPhone zenye betri iliyochoka hupunguzwa kasi zisizimike ghafla. Utapaka hina kuanzia adhuhuri mpaka usiku, umeme ukatike, na wewe unatafuta waya. Waya gani? XR ina tundu la zamani la Apple. Wao wenyewe waliliacha 2023 walipotoa iPhone 15, wakahamia taipu C kama wengine. Waya wenu mmoja wa nyumbani ukiwa wa taipu C, utaingia kwenye A16 na hautaingia kwenye XR. Ugomvi wa nyumbani utapungua kwa mmoja, lakini kwa kuwa huyo mmoja ni wewe, utakuwa unahangaika peke yako.

Tuje kwenye kamera, maana najua mdogo wako hapa ndipo atakapopandia juu. Picha za iPhone ni nzuri, rangi ya ngozi huitoa vizuri, na video zake ni za kupigiwa mfano. Ila tazama kazi yako wewe. Unapiga mikono na miguu. XR ina kamera moja nyuma, na ule mtindo wa kulifanya ukungu la nyuma ili kilicho mbele kitokeze, kwenye XR hufanya kazi kwa sura ya mtu tu. Ukiielekeza kwenye kiganja kilichojaa maua inakwambia haimwoni mtu. Na ile namna ya kupiga usiku kwenye mwanga hafifu ilianza na iPhone 11, XR haikuipata. Mikono, usiku, ndani ya ukumbi wenye taa za rangi: vitu vyako vitatu, na XR ina udhaifu kwenye viwili.

A16 nayo nisikupambie. Ina kamera kubwa ya megapikseli 50, ambayo mchana ni nzuri sana, na ina ile ndogo ya megapikseli 2 wanayoiita ya kupigia vitu vya karibu. Hiyo isahau, ni ya kujazia boksi. Wewe simama hatua moja nyuma, tumia kubwa, kisha kata picha. Na piga asubuhi ya pili, karibu na dirisha, hina ikiwa imekwisha kukolea. Mpambaji mmoja wa Mkoani, simu yake ni ya bei ya chini kuliko hiyo, hupiga mikono ya wali juu ya kanga nyeupe dirishani na watu wa Unguja humvukia bahari.

Mengine nayapita mbio. Laini mbili: A16 inazibeba zote, lakini kwenye simu za namna hii mara nyingi kadi ya kumbukumbu hukaa mahali pa laini ya pili, kwa hiyo nunua yenye nafasi kubwa ya ndani tangu mwanzo, GB 128 au zaidi. XR ina tundu moja la laini, ya pili iwe ya eSIM, ile isiyo na kadi ya kutia, na itabidi uende ofisi ya mtandao wako kuuliza. Nikabu: XR hufunguka kwa uso, na ruhusa ya kufungua ukiwa umejiziba mdomo na pua ilikuja 2022, kwa iPhone 12 na zilizofuata. Kwa hiyo ukiwa njiani utabonyeza namba kila mara. A16 hufunguka kwa kidole ubavuni. Rangi ya hina kidoleni haiizuii, ila hina mbichi ikiwa imegandia itakukatalia, basi sajili na kidole cha mkono usioshikia koni. Kioo kikivunjika, cha Samsung unaweza kukipata Pemba hapo hapo. Cha XR huenda kikasubiri boti.

Nimebakisha la mama wa Chake.

Siwezi kukwambia kuwa hadhi si kitu. Mimi mwenyewe nina iPhone, na akija mteja mwenye mkufu mzito naiweka juu ya meza ikitazama juu. Watu wa namna ile wapo, wanakodi ukumbi, maua, mpiga video, na wanataka kila kilichoingia humo kifanane. Ukinunua A16 utawakosa baadhi yao. Hilo lihesabu kama gharama, usijidanganye kuwa halipo. Lakini XR nayo wanaijua. Wanazihesabu hizo kamera za nyuma kwa macho, na yenye jicho moja huiona tangu mlangoni. Ungekuwa umepewa iPhone 13, imefutwa, betri nzima, ningekwambia upatu ununulie cherehani. Siku ukiulizwa tena "una aifoni?", usijibu ndiyo wala hapana, tuma picha tatu za mikono, zile za dirishani, na useme, "Hizi ndizo kazi zangu, mama." Anayetaka hina atakujibu.

Basi jibu langu: shika A16, kwa pesa yako, kwa akaunti yako. Mume wako kapatia, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. "Mpya ni mpya" imewatia watu wengi hasara Mlandege. Akifika dukani abonyeze *#06#, namba itakayotokea ailinganishe na ya kwenye boksi, kisha aitume kwa ujumbe kwenda 15090 ambako TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hujibu simu hiyo ni ya aina gani. Ikija jibu tofauti na kilicho mkononi, aiache. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima siku moja, na wapo walioamka na kioo tu. Na mwambie asimkubalie mtu wa dukani amfungulie akaunti. Simu ije Wete ikiwa haijatiwa akaunti yoyote.

Kuianzisha utaianzisha mwenyewe, ukiwa umetulia, si usiku wa kuamkia Idi. Fungua Gmail mpya, namba ya kurejeshea akaunti iwe yako, neno la siri liandike kwenye daftari la upatu, si kwenye boksi. Lugha ya simu unaweza kuiweka Kiswahili, maneno ya mipangilio yatakuwa mepesi kwako. WhatsApp kutoka Android kwenda Android ndiyo nyepesi kuliko zote: ndani ya programu kuna sehemu ya kuhamisha mazungumzo, simu moja inasoma kwa kamera mchoro wa QR wa nyengine, unaziacha pembeni unakwenda kupika futari. Kisha ingia kwenye Picha za Google uzime kuhifadhi nakala, au uache kwa picha za watoto na za maharusi uzitie kwenye folda iliyofungwa, ambayo haipandi huko mpaka uiamuru. Kwenye iPhone nako kuna albamu ya kufichia inayofungwa, usije ukadhani nakupa siri ya Samsung peke yake.

Kwenye kazi yenyewe mimi ningejiwekea sharti moja: simu yangu haipigi uso. Mikono na miguu, basi. Mwali akitaka picha ya uso, apigwe kwa simu yake mwenyewe na dada yake. Na fundi wa kioo hahitaji namba yako. Mimi nikimaliza kioo namwita mwenye simu aifungue mbele yangu, tunajaribu pamoja, anaondoka nayo. Fundi akisisitiza, chukua simu yako, msalimie, toka.

Dada yako usimkatalie zawadi. Mwandikie hivi, kwa maneno yako ukipenda: "Dada, ahsante, Mungu akuzidishie. Fundi kanambia kabla hujampa mtu wetu, ingia kwenye mipangilio, utoe akaunti yako ya Apple, kisha uifute yote. Nitampa mama awe anakuona uso kwa uso." Bi mkubwa hapigi picha za wali, hahitaji laini mbili, na betri ya asilimia 79 inatosha kabisa kwa mtu asiyetoka barazani. Dada akisema hawezi kutoa akaunti, basi iPhone ibaki Muscat, na hilo uliseme kwa upole lakini ulisimamie.

Yule mama wa mwali, nenda kwake kabla ya Ramadhani kuanza. Usiende na simu wala na maelezo marefu ya Google. Mwambie umegundua milango ilikuwa wazi, umeifunga, na kuwa kosa la kuiacha wazi lilikuwa lako. Atakayofanya nayo maneno hayo ni yake.

Na hiyo Tecno usimpe mtoto aichezee hivi hivi. Kwanza, ukiwa bado umo ndani ya ile Gmail ya zamani, fungua mipangilio, ingia Google, tazama orodha ya vifaa vilivyomo kwenye akaunti. Ukikiona usichokijua, kitoe, na ubadilishe neno la siri hapo hapo, mara nyingi Google hukubali kukutambua kupitia simu yenyewe. Tazama pia namba ya kurejeshea ni ya nani. Ikiwa ni ya kijana wa dukani, weka yako. Kisha ingia kwenye picha zilizopanda huko miaka yote hii, uzifute moja moja mpaka kwenye pipa la taka, na ndipo utoe akaunti na kuifuta simu. Kaa nalo hilo jioni nzima, na chai.

Bi Fundi